Vijana Wetu Mikononi mwa Madalali

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, misikiti yetu husoma dua. Majina ya waliofaulu hutajwa baada ya sala ya Ijumaa, wazazi hupongezwa, na pengine huchangwa fedha za nauli. Kisha kijana huachwa peke yake katika duka la steshenari, akijaziwa maombi ya chuo na mtu ambaye hajapata kumuuliza anataka kusoma nini. Mwenye duka huyo ndiye mshauri wetu wa elimu. Tumemteua sisi wenyewe kwa ukimya wetu, na kila Julai tunamlipa.

Tunasema wazi, na atakayechukia na achukie: kumwongoza mwanafunzi katika udahili ni fani kamili, yenye elimu yake na adabu zake, na jamaa zetu wameipuuza kwa muda mrefu mno. Tumejenga madrasa, tumejenga sekondari, tumechangia vyuo. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kujua kijana gani aende wapi, kwa sifa zipi na kwa gharama ipi, hatukumwandaa.

Wako wanaodhani kuwa jambo hili ni jepesi. Hebu na walitazame. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianzisha mfumo mmoja wa udahili kwa nchi nzima. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaachwa, na waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja katika kila chuo. Aliyeshauriwa na kaka yake kwa uzoefu wa mwaka 2014 alipotezwa njia pasina kaka huyo kukusudia. Leo mwombaji aliyekubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa katika simu, ndani ya siku zilizowekwa. Asipothibitisha, au ikiwa simu aliyoiandika ni ya mjomba aliyesafiri, nafasi yake imo hatarini. Mkopo nao unaombwa kwingine, kwenye Bodi iliyoanza kazi mwaka 2005, kwa dirisha lake na nyaraka zake. Wako waliopata chuo wakakosa mkopo kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni maombi mawili.

Kisha liko suala la masomo yenyewe. Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza kutoka kidato cha sita ni alama 4.0 katika masomo mawili ya tahasusi, ambapo D ina alama mbili. Mzazi akisikia hivyo hufurahi. Haambiwi kwamba sharti la jumla halikufungulii kila mlango. Kijana aliyesoma Historia, Jiografia na Kiingereza, hata akipata A zote tatu, hawezi kuomba udaktari. Mlango huo ulifungwa siku alipochagua tahasusi, naye akiwa mtoto wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa hadi kufikia 65. Ni wasaa mkubwa, na kwa asiye na mwongozo ni njia panda 65.

Na tuyaseme ya majina, maana haya yanatuhusu sisi mahususi. Mtoto huandikwa Hamisi katika cheti cha kuzaliwa, Khamis katika cheti cha shule, na Khamisi Abdallah katika kitambulisho cha baba yake aliyeandikwa Abdala. Sisi hatuoni taabu. Ni jina moja. Bodi ya mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na mfumo wa kompyuta haujui kuwa kha na ha ni ndugu. Mshauri hodari angeliyasahihisha hayo tangu kidato cha tatu.

Tukiyasema haya, hujibiwa: riziki imeandikwa, kijana aswali istikhara. Naam, aswali. Lakini wanachuoni wetu wameziweka pamoja istikhara na istishara, kumuomba Mola kheri na kumtaka ushauri mjuzi, wala hawakuifanya ya kwanza kuwa udhuru wa kuiacha ya pili. Kijana asiyejua kozi zilizopo anaswali istikhara baina ya lipi na lipi?

Pengo hilo halikubaki tupu. Limejazwa na mawakala wa vyuo vya nje. Katika Kiarabu, dalili na dalali ni maneno ya mzizi mmoja: wa kwanza ni kiongozi anayekuonesha njia, wa pili ni mtu wa sokoni. Sisi tumewachanganya. Wakala huja na picha za majengo marefu, humwita mzazi "Alhaji", humpangia mtoto chuo cha ng'ambo, na hasemi kwamba chuo hicho humlipa kamisheni kwa kila kichwa. Hatusemi kila wakala ni mwovu, wala ujira wa udalali si haramu kwa asili yake. Tunasema kwamba anayeketi kwenye kiti cha mshauri huku akificha kuwa analipwa na muuzaji, amefanya hadaa, na fiqhi ya biashara inalijua jambo hilo kwa jina la tadlisi. Wamarekani, ambao huwa tunawasema kwa kupenda fedha, waliweka katika sheria yao ya elimu ya juu ya mwaka 1992 katazo la kuwalipa waandikishaji kwa idadi ya wanafunzi, kwa vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu. Humo humo wakatoa ruhusa moja: wanafunzi wa kigeni walioko nje ya nchi. Yaani watoto wao wakawakinga, na watoto wa wengine wakawaachia soko.

Wala tusiwasute mawakala peke yao. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tunapoulizwa na vijana, wengi wetu jawabu letu ni moja: nenda Madina, nenda Azhar, nenda Khartoum. Ni vyuo vya heshima. Lakini je, tunamwambia kijana amalize kwanza kidato cha nne, kwa kuwa mwajiri wa nyumbani atakitaka cheti hicho hata mbele ya ijaza ya chuo kikuu? Tunamwambia kuwa shahada ya nje hutathminiwa na TCU, naye aulize kabla ya kupanda ndege? Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wetu walirejeshwa makwao masomo yakiwa njiani. Hapo ndipo ilipohitajika ofisi ya kukusanya matokeo yao na kuwatafutia vyuo vya kuwapokea. Ofisi hiyo ilikuwa wapi katika taasisi zetu?

Kwa hiyo tunawageukia wahitimu, khasa waliosomea ualimu, saikolojia na unasihi, ambao wanakaa nyumbani wakingoja ajira. Neno unasihi limetokana na nasaha, nanyi mnalionea haya kana kwamba ni kazi ya mwalimu aliyeshindwa darasa. Ingieni katika ofisi za udahili na za washauri wa wanafunzi vyuoni, hata kwa kujitolea mwaka mmoja. Huko ndiko maombi yanakoonekana yanavyokataliwa na kwa sababu gani. Someni mwongozo wa TCU kila unapotoka, maana wa mwaka jana haufai. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Katika shule zetu, mwalimu wa unasihi, akiwapo, ana vipindi vyake kama wenziwe, na ushauri huutoa wakati wa mapumziko akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Na kwenu, wanakamati wa misikiti: msitake kazi hii ifanywe fii sabilillahi huku fundi wa mnara analipwa. Mwekeeni mtu huyo mshahara unaojulikana, mpeni chumba chenye mlango unaofungika, kwa kuwa atasikia siri za nyumba za watu, na andikeni katika mkataba wake kwamba hapokei senti kutoka chuo chochote. Aanze na kidato cha pili, si cha sita. Misikiti mitatu ya mtaa mmoja ikishirikiana, gharama hiyo haifiki hata bei ya zulia jipya.