Nyang'hwale Si Kosa la Tahajia

Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012 una wilaya iitwayo Nyang'hwale. Kwangu mimi jina hilo ndilo kipimo cha kwanza cha mfumo wowote wa kompyuta tunaouziwa.

Lina alama 11, ritifaa ikiwamo. Ritifaa ikiandikwa wima, jina zima huchukua baiti 11. Ikiandikwa iliyopinda, kama programu nyingi za uandishi zinavyoigeuza zenyewe, ritifaa peke yake hula baiti 3 katika UTF-8, na jina likawa baiti 13. Programu iliyotenga nafasi ya baiti 11 tu itabaki na "Nyang’hwa".

Tiba ipo siku nyingi. Lugha ya C ina maktaba ya herufi pana tangu marekebisho ya mwaka 1995, na amri ya fgetws husoma mstari mzima wa herufi hizo kutoka dirisha la amri. Ila programu ya C huamka katika mazingira yanayozihakikishia usalama herufi za msingi za Kiingereza tu. Mwandishi asipoita kwanza setlocale(LC_ALL, ""), ritifaa iliyopinda inaweza kuleta kosa au takataka mahali pa jina. Ni mstari mmoja, nao haugharimu hata senti.

Wapo watakaosema: ondoeni ritifaa, yaishe. Nawajibu kwamba kung'oa si ngoa. Na huku Usukumani majina mengi huanza na Ng'wana, yaani mwana wa fulani. Kompyuta hailinganishi watu, hulinganisha baiti. Ng'wana mwenye ritifaa wima, mwenye iliyopinda na asiye nayo kabisa ni watu watatu mbele yake.

Mzigo humwangukia nani? Humwangukia mchimbaji mdogo ambaye jina la kwenye leseni halilingani na la kwenye kitambulisho, au mjane wa Shinyanga anayefuatilia mirathi. Huyo ataambiwa alete hati ya kiapo kuthibitisha kuwa yeye ni yeye. Atalipa nauli, atamlipa wakili, kwa uzembe wa mtu aliyekwisha kulipwa.

Watumishi wa umma mnaoandaa zabuni, wekeni sharti: mfumo usipokelewe kabla ya kusoma, kuhifadhi na kutafuta Nyang'hwale kwa ritifaa zote mbili na kutoa jibu lile lile. Ongezeni ɪ na ʊ, ambazo wanaisimu huzitumia kuandika irabu saba za Kisukuma. Nanyi wanafunzi wa kompyuta, acheni kujaribu kazi zenu kwa John na Mary peke yao. Mwananchi asiapishwe tena kwa sababu ya jina alilopewa na wazazi wake. Aitwe mwenye mfumo, aulizwe kwa nini hakulisoma.