Mashine kuukuu, ubongo mpya: wenye mitaji Geita na Shinyanga wahesabu saa kwanza

FEDHA ya dhahabu imejaa katika ukanda wa Geita na Shinyanga, na swali linaloulizwa sasa ni moja: iende wapi? Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, wakia moja ya dhahabu iliuzwa kwa wastani wa chini ya dola 300 za Marekani katika soko la dunia. Oktoba 2025 bei hiyo ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Tangu Machi 2019 mji wa Geita una soko lake la dhahabu, la kwanza la aina yake nchini, na sehemu ya faida iliyokuwa ikipotelea njiani sasa inalala hukuhuku.

Hata hivyo, faida hiyo imekuwa na tabia ya kurudi ilikotoka. Mwenye karasha huongeza karasha la pili. Mwenye duara hufungua duara jingine. Aliyechoka na mashimo hujenga nyumba ya wageni ya kumi katika mtaa wenye nyumba za wageni tisa. Wachache wanaotazama kando wameanza kuulizia biashara isiyo na kelele: karakana ya kuchonga vipuri vya chuma.

Pendekezo linalowavutia wenye mtaji wa kati ni hili. Nchi za nje zimejaa mashine kubwa za kuchonga chuma, zile ambazo mafundi huziita milingi, zenye kuongozwa na kompyuta, yaani CNC. Nyingi ni za miaka ya 1980 na 1990. Chuma chake ni kizima lakini kompyuta yake imekufa, kwa hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa. Inunuliwe moja, ifungwe mfumo mpya wa kuongozea, na Kahama au Geita mjini papatikane karakana ya kisasa kwa sehemu ndogo ya gharama ya mashine mpya.

Wazo hilo ni zuri. Tatizo ni kwamba wanaolishabikia huanza na kompyuta, huja kwenye chuma, na humalizia na wateja. Mwenye kutaka faida hana budi kuanza na wateja, kisha chuma, na kompyuta iwe ya mwisho.

Kwa nini ubongo hufa kwanza

Mwili wa mashine ya aina hii ni chuma cha kumimina chenye uzito wa tani kadhaa. Ukitunzwa kwa mafuta, unaweza kufanya kazi kwa miongo mingi. Kompyuta yake haina umri huo. Vifaa vya umeme ndani ya kadi zake hukauka, kioo chake huzimika, na betri inayolinda kumbukumbu ikiisha, vipimo vyote vilivyowekwa na kiwanda hufutika. Kadi ya akiba haitengenezwi tena, na mwenye nayo huiuza kwa bei anayotaka yeye. Mashine ya thamani kubwa hugeuka chuma chakavu kwa sababu ya kifaa kinachobebeka mkononi.

Kuibadilishia ubongo si jaribio jipya. Mwaka 1995 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilifunga mfumo wake wa kompyuta kwenye mashine ya Kearney & Trecker katika kiwanda cha General Motors huko Pontiac, na mashine ikaendelea kuzalisha. Programu hiyo iliachwa wazi kwa umma, na kizazi chake, LinuxCNC, hutumiwa bure hadi leo na karakana ndogo duniani kote.

Mwenye kununua mfumo leo ana ngazi tatu mbele yake. Ya juu ni ya makampuni kama Siemens, Fanuc na Heidenhain: ghali, lakini vitabu, vipuri na mafundi wake wanapatikana hata Afrika Kusini. Ya kati ni mifumo ya Asia kama GSK ya China na Syntec ya Taiwan, yenye bei nafuu. Ya chini kwa bei ni kompyuta ya kawaida yenye LinuxCNC na kadi za kuunganishia mota. Hii ya mwisho haina ada, lakini inadai fundi anayeielewa kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi huyo akihamia Dar es Salaam, ameondoka na mashine.

Chuma hakidanganyi

Hapa ndipo wengi huumia. Mfumo mpya hauponyi mwili mgonjwa. Kompyuta inaweza kusahihisha uchakavu mdogo wa skrubu inayosukuma meza, endapo uchakavu huo ni sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini njia za kutelezea zilizolika katikati na kubaki nzima pembeni, kama ilivyo kawaida kwa mashine iliyofanya kazi moja miaka 20, hakuna programu itakayozinyoosha. Kuzikwangua upya na kubadili skrubu au beringi za spindeli kunaweza kugharimu kuliko mfumo wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya senti moja kutumwa nje, mashine ipimwe na fundi asiyelipwa na muuzaji. Atumie saa ya kupimia inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Meza isukumwe mbele na nyuma, kipimo kiandikwe katika ncha zote mbili na katikati. Spindeli izungushwe hadi ipate moto na isikilizwe. Muuzaji anayekataa kipimo hicho kwa kisingizio kwamba umeme haupo, amekwisha kutoa jibu.

Jambo la pili ni umeme. Umeme wa njia tatu wa Tanzania ni volti 400 na hezi 50. Mashine nyingi za Japani zimetengenezewa volti 200, na za Marekani hezi 60. Kuna haja ya transfoma, na pengine kubadili mota zote. Mota za zamani zenye brashi za kaboni ni vyema zibadilishwe pamoja na mfumo, maana kufunga ubongo mpya kwenye misuli iliyochoka ni nusu ya kazi. Mahali ambapo umeme huchezacheza, stabilaiza na waya mzuri wa ardhini viingizwe katika bajeti tangu siku ya kwanza.

La tatu ni usalama. Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota moja kwa moja kwa waya, kisitegemee programu. Fundi anayesema kompyuta itasimamisha yenyewe asiaminiwe na mashine yenye nguvu ya kukata mkono.

Hesabu ya saa

Sasa fedha. Tuseme, kwa mfano tu, mashine imenunuliwa kwa shilingi milioni 30. Mfumo mpya na mota zake ni milioni 25. Usafiri, bandari na kazi za umeme ni milioni 10, na mafunzo pamoja na vyuma vitakavyoharibika wakati wa kujaribu ni milioni 5. Jumla ni milioni 70. Mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 15 unadai takriban sh. 875,000 za riba kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Marejesho ya mtaji kwa miaka mitano ni kama sh. 1,167,000 kwa mwezi. Kwa pamoja ni zaidi kidogo ya sh. milioni 2.

Mashine ikikata chuma saa 100 kwa mwezi, kila saa inabeba deni la sh. 20,400. Ikikata saa 40, kila saa inabeba sh. 51,000. Hapo bado mshahara wa fundi, vikatio, umeme, kodi ya jengo na kodi ya serikali. Mashine ni ileile na mkopo ni uleule, lakini karakana moja inaweza kushusha bei na kupata wateja wakati nyingine inafilisika kwa bei ya juu. Kinachoamua ni saa za kazi, na saa za kazi huletwa na oda.

Oda zipo? Zipo, lakini hazifanani. Mwenye karasha shafti ikikatika anapoteza kila saa inayopita, naye hulipa taslimu bila kubishana sana. Mwenye mtambo wa kuchenjua marudio pampu ikisimama hali yake ni hiyohiyo. Kwa kazi ya kukereza, mafundi hawakosekani. Kazi inayosumbua zaidi ni ya meno ya gia, njia za funguo za shafti, flenji zenye matundu yanayotakiwa kukaa mahali pake, na vipande 20 vinavyotakiwa kulingana. Hiyo ndiyo kazi ya CNC. Kwa kipande kimoja cha haraka, fundi mzuri mwenye mashine ya mkono atamaliza kabla mwenye kompyuta hajamaliza kuandika programu.

Migodi mikubwa ni mteja wa namna nyingine. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini, zinazosimamiwa na Tume ya Madini, zinatoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za ndani. Wapo wanaodhani kanuni hizo ni tiketi. Zinafungua mlango, lakini aliye ndani bado atauliza kipimo, cheti cha aina ya chuma na tarehe ya kufikisha. Aidha, mgodi mkubwa hulipa kwa ankara baada ya wiki kadhaa, na benki haingoji ankara.

Mgodi una mwisho

Wafanyabiashara wa Kahama hawahitaji kukumbushwa. Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulifungwa 2021. Bulyanhulu, ulioanza 2001, ulipunguza shughuli mwishoni mwa 2017 baada ya zuio la kusafirisha makinikia, na uzalishaji wa chini ya ardhi haukurudi hadi mwishoni mwa 2020. Aliyekuwa na mteja mmoja katika miaka ile anajua maana ya kufungua duka asubuhi na kulifunga jioni bila kuandika risiti.

Karakana ya kuchonga ina sifa ambayo duka la vifaa vya mgodi halina. Inaweza kuhamisha kazi yake bila kuhamisha mashine. Viwanda vya kuchambua pamba vya Shinyanga vina gia na shafti. Mashine za kukoboa mpunga zina puli na bushi. Malori ya barabara ya Isaka yana vipuri vinavyovunjika. Mwekezaji mwenye busara ajiwekee sheria kwamba mteja mmoja, hata awe mgodi, asizidi nusu ya saa za mashine yake.

Aangalie pia daraja. Tangu Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Geita. Wengi wamelishangilia kama njia ya kupeleka bidhaa Mwanza. Lakini njia hiyo ina pande mbili, na karakana za Mwanza nazo sasa zinafika Geita bila kungoja pantoni. Karakana ya Geita iliyotegemea umbali kama ukuta wake haina ukuta tena. Imebakiwa na kasi na ubora.

Lililobaki kufanywa

Benki nazo zina lao. Mashine kuukuu iliyofungwa mfumo mpya huonekana machoni pa afisa mikopo kama kitu kizee kisicho na dhamana. Badala ya kutazama mwaka uliochongwa kwenye bamba la mashine, benki zitazame karatasi ya vipimo vya chuma na daftari la oda. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingefanya jambo la maana kuwa mpimaji huru wa mashine hizo, ili karatasi yake ikubalike benki. VETA nao wazidishe mafundi wanaojua umeme na chuma kwa pamoja, kwa kuwa kazi hii humshinda anayejua kimoja.

Wasubiri wanaosema afadhali mashine mpya ya Kichina wana hoja, hasa kwa asiye na fundi. Mpya huja na dhamana na kitabu. Lakini mashine mpya nyepesi ya bei ya chini hutetemeka kwenye chuma kigumu cha karasha, wakati mwili mzito wa zamani hukaa kimya. Atakayechagua alinganishe uzito kwa uzito, asilinganishe rangi.

Kwa sasa, mwenye mtaji Geita, Kahama au Shinyanga mjini aanze na zoezi lisilo na gharama. Achukue daftari, azunguke kwa mwezi mmoja kwenye makarasha, mitambo ya kuchenjulia na viwanda vya pamba, aandike kila kipuri kilichovunjika, kilichongwa wapi, kwa shilingi ngapi na kwa siku ngapi. Zikifika saa 100 za kazi, aende kutafuta chuma. Zikiishia 40, daftari hilo litakuwa limemwokolea shilingi milioni 70.