Ukuta ukivuja Agosti, usichome jezi

Timu yako imeanza msimu kwa kuruhusu mabao kama chujio na tayari unataka kocha afutwe? Tulia kidogo, buda. Kumbuka Arsenal, Agosti 2021: walichapwa 2-0 na Brentford, 2-0 na Chelsea, kisha 5-0 na Man City. Mabao tisa, wao hata moja hawajafunga.

Lakini ukuta ule ulikuwa nusu. Gabriel alikuwa majeruhi, Tomiyasu hajasajiliwa. Septemba wawili hao walianza dhidi ya Norwich, Ramsdale akiwa golini, wakashinda 1-0. Burnley nao wakalala 1-0. Msimu ukaisha Arsenal wakiwa wa tano.

Mabeki huhitaji kuzoeana. Kosoa, lakini subiri. Na kodi ya nyumba usiiweke kwenye mkeka.