VOCHA YA BUKU: NANI ANAKULA NINI?

Leo naomba tuongelee kitu ambacho kila mmoja wetu analipa karibu kila siku lakini hakuna anayemletea bili yake. Nazungumzia kodi iliyojificha ndani ya simu.

Mwenye simu ya mezani anapata bili ya mwezi, anakaa chini anaisoma, kama kuna kitu hakielewi anaenda kuuliza. Sisi wengine huku Tunduma, kuanzia Sogea mpaka Mpemba, bili yetu ni vocha. Unaweka buku, meseji inakuja kwamba salio lako ni 1,000, unashukuru Mungu. Kumbe hiyo 1,000 yote si maongezi!

Mimi nimeishia kidato cha nne na hesabu haikuwa rafiki yangu sana, lakini hii inawezekana hata kwa kalkuleta ya simu. Tuchukue viwango vya mwaka 2021: ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano asilimia 17, na VAT asilimia 18. Mtu wa haraka atajumlisha aseme ni 35. HAPANA. VAT inapigwa juu ya bei ambayo tayari imeshabeba ushuru. Huduma ya shilingi 100 inaongezwa ushuru inakuwa 117, halafu hiyo 117 ndiyo inapigwa VAT, unafika kama 138. Ni kodi juu ya kodi.

Sasa rudi kwenye buku yako. Ukiigawa kwa hesabu hiyo, huduma yenyewe ni kama shilingi 724, ushuru 123 na VAT 153. Yaani 276 ni za serikali kabla hujasema hata "haloo". Ni zaidi ya robo.

Naomba nieleweke, sisemi kodi isilipwe. Zahanati na madarasa hayajengwi kwa maneno. Hoja yangu ni moja tu: kodi unayoiona unaweza kuibishia, usiyoiona inapita kimya kimya. Na historia yetu inaonyesha hivyo.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya laini ya simu, shilingi 1,000 kila mwezi kwa kila laini. Watu walipiga kelele nchi nzima, Rais Kikwete akaagiza itafutwe njia nyingine, na kodi ile ikafutwa. Tukashangilia. Lakini njia nyingine ilikuwa ipi? Ushuru wa bidhaa kwenye mawasiliano ukapandishwa kutoka asilimia 14.5 kwenda 17. Mtaani sikumbuki kusikia mtu akilalamikia hiyo 17. Ilikuwa ndani ya bei, nani angeiona?

Halafu ikaja Julai 2021, tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000. Ukituma unakatwa, na aliyetumiwa akienda kutoa anakatwa tena. Hii kila mtu aliijua kwa sababu makato yalionekana palepale kwenye simu. Mji wetu ni wa mpakani, pesa inazunguka kutwa kati ya wachuuzi, madereva wa malori, na wakulima wa kahawa kule Mbozi. Wapo waliorudia mtindo wa zamani wa kumpa kondakta bahasha apeleke Vwawa. Kelele zikawa nyingi, Rais Samia akaagiza suala liangaliwe upya, na Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na kuanzia Julai 2023 ile ya kutuma ikaondolewa, ikabaki ya kutoa. Umeona? Kilichoonekana kilijadiliwa.

Kutokuona kuna hasara nyingine, tunalaumu asiyehusika. Ada ya kutuma pesa ni ya kampuni, na humo humo ndimo inamotoka kamisheni ya wakala. Serikali nayo ina ushuru na VAT yake kwenye ada hiyo. Tozo ilikuwa kitu cha tatu, pembeni kabisa. Kuna kingine ambacho sisi wa mpakani tunakijua vizuri: simu ikinasa mtandao wa Zambia kutoka Nakonde, salio linayeyuka. Hayo ni makato ya kutumia mtandao wa nje, wala si tozo. Lakini kijiweni vyote vinaitwa "serikali imetukata", na wakala maskini ndiye anayetukanwa kwa pesa ambayo haikuingia mfukoni mwake.

Kuna watakaosema haiwezekani kumchanganulia kila mteja kila anaponunua. Jamani, LUKU wanafanyaje? Ukinunua umeme, meseji inakuja na bei ya umeme, VAT 18%, EWURA 1%, REA 3%, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo na inaonekana. Mama anayenunua umeme wa 2,000 anajua kila shilingi imekwenda wapi. Kama inawezekana kwenye umeme, kwa nini kwenye vocha ishindikane? Meseji ya salio inakuja tu, kuongeza mstari mmoja kuna ugumu gani?

TCRA ndio wasimamizi wa haya makampuni, na wabunge wetu wa Songwe hukaa Dodoma kila mwaka kupitisha Sheria ya Fedha. Safari hii wakija kwenye mikutano tusiwaulize barabara peke yake. Tuwaombe mstari mmoja kwenye meseji ya vocha: huduma kiasi gani, ushuru kiasi gani, VAT kiasi gani. Tukishaona, kama ni kukubali tutakubali kwa kujua, na kama ni kubisha tutabisha kwa hesabu.

Naomba kuwasilisha.