KONA YA MWALIMU: Drili au bisibisi?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya aliazima drili ya seremala ili abadilishe nyuzi za gitaa haraka. Pah! Uzi mwembamba ukakatika. Na nyuzi zile tulizichangia sisi wote.

Sikumgombeza sana. Kazi yenyewe inachosha mkono. Kwenye magitaa mengi, ufunguo unauzungusha mara 14 au zaidi ndipo kijiti kinachoshika uzi kizunguke mara moja tu. Na nyuzi ni sita!

Lakini jamani, drili ni ya kutoboa mbao. Nyingi huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kabla hujaachia kidole, uzi umeshakatika au ufunguo umeharibika. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tafuta bisibisi ndogo ya betri, ya mizunguko kama 200. Iwe inazunguka mbele na nyuma, na mdomo wake uweze kushika kile kikombe cha plastiki kinachovalishwa kwenye ufunguo.

Itumie kulegeza uzi wa zamani na kuzungushia mpya. Ukianza kubana, zima. Malizia kwa mkono, polepole, ukisikiliza sauti.

Huna bisibisi hiyo? Kipo kikombe chenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Hakitaki chaji, na bei yake ni ndogo. Kijana wetu sasa anatumia hicho. Pesa ya mashine tuweke kwa nyuzi.

Tuonane mwezi ujao.