Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka



Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi waheshimiwa, mzazi mmoja alitujia na swali. Amesikia kuwa wataalamu wana sola mpya, yenye nguvu kuliko hizi za madukani. Je, aingojee, au atumie akiba yake sasa kuweka sola ya kawaida ili watoto wadurusu usiku? Swali hili ni la wengi, basi tumeona tulijibu hapa.

Sola hiyo ni ya perovskaiti. Jina hilo ni la jiwe lililogunduliwa milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839, ila ya sola hutengenezwa na watu kwa kuiga mpangilio wake. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waliitumia kugeuza asilimia 3.8 tu ya nguvu ya jua kuwa umeme. Leo imepita asilimia 26. Ikilazwa juu ya silikoni, ambayo ndiyo ya sola za kawaida, hugawana rangi za mwanga, na kwa pamoja zimepita asilimia 34 maabarani. Tena silikoni huyeyushwa kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,400, ilhali perovskaiti yaweza kupakwa kama wino na kukaushwa kwa joto dogo.

Hizo ni sifa zake. Sasa tutazame aibu zake.

Kwanza, unyevu, joto na hata mwanga wenyewe huidhoofisha. Paneli nzuri ya silikoni hudumu miaka 25. Hii bado haijathibitisha umri huo. Nasi watu wa pwani twajua unyevu wetu unavyokula mabati na misumari.

Pili, zile zilizo bora zina risasi ndani yake, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Nyumba zetu ngapi hukinga maji ya mvua kutoka paani? Paneli ikipasuka juu ya paa hilo, hatari ni ya wanaokunywa.

Tatu, rekodi kubwa hupatikana kwenye vipande vidogo kama ukucha. Kampuni ya Oxford PV ilipopeleka Marekani paneli zake za kwanza za biashara mwaka 2024, zilikuwa za asilimia 24.5.

Rai yetu basi ni hii: mwenye uwezo asingoje. Anunue ya silikoni, mtoto asome leo. Na siku hiyo mpya itakapofika madukani kwetu, tumuulize muuzaji: itadumu miaka mingapi, na ndani yake mna nini? Tumefundishwa kuwa muuzaji hafichi aibu ya bidhaa yake.

Nanyi wanafunzi, msiikimbie kemia. Tatizo la unyevu bado linatafutiwa dawa, na aliyekulia katika unyevu ana sababu zaidi ya kuitafuta.

Wabillahi tawfiq.