AFYA YA FAMILIA: Saratani ya titi na kile kisu tunachokiogopa

Mwezi huu tunajibu neno linalozunguka kwa wenzetu wanaoshuka Kampala, pale Nakivubo karibu na soko la Owino: eti saratani ya titi ikiguswa na kisu ndiyo inatawanyika. Wauza mitishamba wanalipenda neno hilo, maana linauza chupa zao. Kuna wamama wameghairi kupanda teksi hadi Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza 1967. Tunasema wazi: si kweli.

Saratani haingoji kisu ili itembee. Mbegu zake hupita kwenye damu, mara nyingine kabla hata uvimbe haujajulikana. Zinapenda mifupa, mapafu, ini na ubongo. Zinaweza kulala miaka 10 na zaidi, halafu zikaamka. Kwa hiyo mama aliyepasuliwa akarudiwa baadaye, asimlaumu aliyempasua.

Tena kuna wakati kisu chenyewe kinasaidia mara ya pili. Kwa nadra sana saratani hiyo inarudi mahali pamoja tu, kwenye tezi ya adrenali. Tezi hizi tunazo mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, haifiki gramu 10. Zinatoa homoni za kuhimili ugonjwa, njaa na hofu (sisi wakimbizi tumezitumikisha kweli!). Vipimo vikionyesha tezi moja tu imeguswa na kwingine kote ni safi, madaktari wanaweza kuamua kuitoa, pengine kwa matundu madogo tu. Ile iliyobaki inabeba kazi ya zote mbili. Kama zimetolewa zote, mtu anameza vidonge kila siku maisha yake yote, na kuviacha ni hatari ya kifo.

Miaka ya 1950 kule Marekani, daktari Charles Huggins alikuwa anazitoa zote mbili makusudi, ili kuinyima saratani homoni zinazoilisha. Siku hizi dawa ndizo zinafanya kazi hiyo.

Lakini tusidanganyane. Upasuaji huu si wa kila mtu, na haumalizi matibabu, dawa zinaendelea. Ikiwa saratani imeshika sehemu nyingi, njia ni dawa. Na si kila uvimbe wa tezi hiyo ni saratani, ndiyo maana wanapima kwanza homoni.

Tezi hii ikiguswa mara nyingi haiumi, kumbe inaonekana kwenye picha tu. Basi tarehe ya kurudi kliniki ikifika, nenda hata kama unajisikia mzima. Beba barua ya rufaa na karatasi zote za zamani, hasa majibu ya maabara ya kile kinyama kilichokatwa kwenye titi: daktari atalinganisha uvimbe mpya na ule wa kwanza. Kama Kiganda na Kiingereza vinakushinda, nenda na mtu wa kutafsiri. Na wababa, nauli hiyo itengwe mapema, kabla ya siku yenyewe.